Safu ya Baba

Boga kubwa halina jina mpaka lipande mizani. Hapo ndipo linapoitwa kwa uzito wake wa ratili, kisha jina la aliyelilima, kisha mwaka. Dada yangu Dess alizaa 1,288 Wentzell 2013, akazaa 1,340 Wentzell 2014, na mengine mawili baada ya hayo. Ukizitaja namba hizo kwa mkulima yeyote wa maboga, kuanzia hapa Mto LaHave mpaka ng'ambo huko Marekani, atakujibu kama mtu uliyemtajia ndugu zake. Chini ya jina kuna safu mbili: Mama, na Baba. Mama ni mmea uliobeba. Baba ni mmea uliotoa chavua. Kama ua jike na ua dume vimetoka kwenye mmea mmoja, katika safu ya baba unaandika "mwenyewe". Kama hujui, kama ni nyuki waliojiamulia, unaandika "wazi". Sijui nani alitupa neno hilo. Jambo lisilojulikana na mtu yeyote, sisi tunaliita wazi.

Dess alikuwa na "mwenyewe" nne mfululizo. Alihitaji ya tano. Nitaeleza kwa nini, na sitaeleza kwa upole, maana nilikuwepo.

Oktoba ya mwaka 1988 alikuja mtu wa kampuni ya mbegu. Kampuni yenyewe siitaji, wameshatangazwa vya kutosha. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba, kile cha karibu na jiko, bila kuambiwa akae. Mama alimpakulia chewa wa chumvi na viazi, akammwagia mafuta ya nguruwe juu, na akaongezwa mara mbili. Akasifu maboga yetu. Wakati ule hapakuwa na mtu kaunti hii anayeuza mbegu ya boga kubwa. Unaomba, unapewa. Mama alimhesabia mbegu kumi na sita, akazitia kwenye bahasha, akamfungia na soseji za kwetu za kula njiani. Machi ya 1991 ikaja barua. Mbegu ile sasa ina jina, na jina ni la kampuni, na wataalamu wao ndio walioizalisha, na sisi tunaombwa kwa heshima tusigawe mbegu kwa jina hilo wala kwa maelezo yanayofanana nalo. Kwa heshima. Mama aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la chumvi, na mpaka anakufa hakuitaja tena.

Mimi nimeitaja. Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha samaki, na kule nilijifunza kusoma barua za watu wenye heshima. Nimeandika magazetini mara thelathini na nane. Nimesimama na bango mbele ya ofisi ya waziri, kwenye theluji, peke yangu na mbwa. Watu walinipa supu. Hakuna kilichobadilika.

Dess hakuandika popote. Alilima. Mwaka 2012 Bibi Lorraine Mosher, mwenyekiti wa chama chetu cha maboga na ndiye msimamizi wa mizani, alimwambia: Odessa, kampuni inasema hakuna karatasi inayoonyesha kuwa kuna mtu aliyeikuza mbegu ile kabla yao. Basi tengeneza karatasi. Vizazi vitano kutoka mbegu alizoziacha mama yako kwenye chupa, kila kimoja "mwenyewe", kila kimoja na shahidi, na cha tano kizidi ratili elfu moja mia nne kikiwa kizima, bila tundu. Hapo tutauandika ukoo huo kwenye daftari kwa jina la Wentzell, na mtu yeyote duniani ataipanda na kuigawa kwa jina hilo. Mawakili wa kampuni walikubali kwa maandishi. Walikubali kwa sababu hawakuamini kwamba bibi wa miaka sabini na moja angefika mwaka wa tano.

Alifika, na nyonga ya chuma na vidole vilivyopinda kama mizizi ya tangawizi.

Ukoo ukijizalia wenyewe hivyo, mbegu hupungua. Boga la mwaka wa nne, 1,402 Wentzell 2016, lilikuwa na mbegu kumi na moja tu zilizojaa. Alizipanda zote. Zikaota tatu. Moja ilivunjwa na upepo, moja ikapata umanjano. Ikabaki moja. Kurudi kwenye mbegu za 2015 kungekuwa miaka miwili zaidi, na Dess alishasema wazi kwamba huu ndio wa mwisho. Hata kupiga magoti alikuwa anapiga kwa kunishika bega.

Sasa nifike kwenye fundo.

Ua jike la boga hufunguka asubuhi moja tu. Jioni ya kabla unaona limeanza kuwa na rangi ya machungwa kwenye ncha, basi unalifunga ili nyuki wasikutangulie. Asubuhi, kabla jua halijapasha majani, unachuma maua dume ya mmea huohuo, unayavua petali zake, unafungua ua jike, unapaka, unafunga tena. Kazi ya dakika tano. Dess amekuwa akifunga kwa kibanio cha nguo, kwenye ncha kabisa, akiacha nafasi ya kidole ili ua livimbe. Jioni ya tarehe nane Julai vidole vyake vilikataa kukibana kibanio.

"Burt, njoo unifungie," alisema.

"Kibanio hiki kimelegea."

"Kinatosha."

"Kinatosha vipi? Hebu ngoja." Nikatoa uzi wa sufu mfukoni, nikauzungusha mara tatu katikati ya ua, nikaukaza kama tulivyokuwa tunafunga magunia kiwandani. Niliona nimefanya jambo la maana. Hata nilisema, nakumbuka, "Hapo hata mwanasheria hapenyi."

Dess hakuliona vizuri. Giza lilikuwa linaanza, na alikuwa ameinama kwenye ua lingine.

Asubuhi tulikuta ua limevimba juu ya uzi na kupasuka ubavuni, mpasuko wa urefu wa kucha. Dess alilishika akalisikiliza. Ndani mlikuwa na mngurumo.

"Kuna mtu humu," akasema.

Nikakata uzi. Akatoka nyuki mmoja, mnono, wa manjano mpaka magotini, akatulia kwenye mkono wa dada yangu kama amekuja kwa miadi. Kisha akaruka, akapita uzio, akaelekea kwa Garnet Zinck. Shamba la Garnet liko hatua arobaini kutoka kwetu. Garnet hupanda mbegu za paketi, za kampuni ile. Si kwa ubaya. Anasema paketi ina maelekezo.

Dess alipaka chavua ya mmea wetu vilevile, maua dume manne badala ya mawili, akafunga kwa kibanio. Nilimwandikia kibandiko, kwa sababu kalamu alishaiacha kwangu zamani. "Tarehe tisa Julai," akanitajia. "Mwenyewe. Weka alama ya kuuliza."

Niliiweka ndogo, nikatia sahihi kama shahidi.

Utaniuliza kwa nini hakulikata tunda lile siku ileile. Nilimuuliza na mimi. Alisema, "Nikilikata na mengine yasishike, tuna nini?" Akafunga mengine matatu wiki ile, kwa kibanio, safi kabisa, shahidi akiwa Bibi Mosher mwenyewe. Ukaja ukungu wa siku sita, ule wa baridi unaopanda kutoka mdomoni mwa mto, na matunda yale matatu yakawa manjano moja baada ya jingine yakadondoka. Mmea ulishachagua. Lile la tarehe tisa lilikuwa saizi ya kichwa cha mtu, linang'aa.

Baada ya hapo halikusimama. Mwisho wa Julai lilikuwa linaongeza ratili thelathini na tano kwa siku. Tulilitandikia mchanga, tukalifunika shuka jeupe jua lisikaushe ngozi, tukakata mizizi ya pembeni ili shina linyanyuke kikonyo kisivutwe. Kila Ijumaa nililipima kwa utepe, nikaangalia kwenye jedwali, na kila Ijumaa lilikuwa limeruka mbele ya maboga yote manne yaliyotangulia.

Nami nililiangalia kwa hofu ya mtu anayemlea mtoto asiyejua ni wa nani. Mbegu za mama hutoa boga la rangi ya maziwa yenye uwekundu kidogo, lenye migongo mipana. La kampuni ni chungwa kali, laini. Nikawa naamka, kabla ya chai nalifunua shuka natafuta chungwa. Kuna siku niliona. Kuna siku sikuona.

"Unatafuta nini hapo?" Dess akaniuliza.

"Naangalia linafanana na nani."

"Burt. Ngozi ni ya mama. Nyama ni ya mama. Hata lingepakwa chavua ya tikiti, ngozi ingekuwa ya mama. Baba yuko ndani ya mbegu, hutamwona mpaka uzipande mwakani."

"Kwa hiyo hakuna namna ya kujua."

"Mwakani."

"Na mwakani wewe hulimi."

"Mimi silimi," akasema, akalifunika.

Fikiria hali hiyo. Miaka ishirini na sita nina hasira na watu waliotuibia, nina tarehe zao, nina majina yao mpaka ya karani aliyepiga chapa ile barua, na kitu chenye jibu kimelala mbele yangu kikubwa kuliko gari, na siwezi kukiuliza lolote. Kuna siku nililiombea lipasuke. Nasema ukweli. Maboga hupasuka yakikimbia hivyo. Usiku linakuwa zima, asubuhi unatia mkono mpaka kiwiko. Lingepasuka tungelia, tungelaumu mvua, na aibu ya uzi wangu ingeoza pamoja nalo. Halikupasuka. Nililikagua kila siku kwa kioo na tochi na halikuwa hata na mkwaruzo.

Garnet alikuwa anakuja uzioni.

"Burt, mnalilisha nini hilo? Mbona linanenepa kuliko mke wangu?"

"Muulize mke wako."

"Nimemuuliza. Nimepigwa na mwiko." Kisha akapaza sauti, "Dess, mwaka huu unatumaliza, dada. Mimi langu nitalipeleka tu lipate kuona watu."

"La kwako zuri, Garnet," Dess alisema. "Lina mabega."

"Mabega ya baba yake," Garnet akasema, akacheka, akarudi kwake. Hakuwa na habari. Nilishika uzio mpaka waya ukanichoma.

Jumamosi ya kupima huwa ile ya wikiendi ya sikukuu ya Shukrani, mwanzo wa Oktoba. Alhamisi yake, mchana, tulikuwa tunakula kabichi ya kuchachisha na soseji, nikaamua kusema.

"Andika mwenyewe."

Dess alikuwa anakata soseji kwa ubavu wa uma. Kisu hakishiki tena. "Wewe ndiye unayeandika," akasema.

"Basi nitaandika mwenyewe."

"Kuna alama ya kuuliza kwenye kibandiko."

"Kibandiko nitakibadilisha. Nani alimwona nyuki? Mimi na wewe. Na ulipaka chavua yetu, maua manne, Dess. Huenda yetu iliwahi. Huenda huyo nyuki alikuwa ametoka kwenye maua yetu wenyewe, yalikuwa hatua tatu pale. Hatujui kuwa si kweli."

"Hatujui kuwa ni kweli."

"Wao walijua kuwa ni uongo wakaandika. Mama aliwalisha. Kwenye meza hii."

"Nilikuwepo, Burt. Mimi ndiye niliyeosha sahani."

Nikakasirika. Nilimwambia mambo ambayo ningepaswa kuwaambia mawakili. Nikamwambia uaminifu wake ni anasa, kwamba kuna watu wanaishi kwa kutegemea uaminifu wa watu kama yeye, kwamba miaka mitano inakwenda kwa ajili ya mdudu mmoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, na mimi si mtu wa kuishiwa haraka.

"Basi nilaumu," nikasema. "Ni uzi wangu. Sema."

"Vidole vyako vilikuwa vinafanya kazi, vyangu havifanyi. Nilikuita mimi." Akasukuma sahani. "Watu watapanda mbegu hizi wakiamini ni za mama. Halafu zitatoka chungwa. Wakati huo mimi sipo, na wewe hupo, na wataandika kwamba akina Wentzell waliongopa. Na kampuni itakuwa ya kwanza kulisoma hilo kwa sauti. Kula, kinapoa."

Nikala. Jibu nililitafuta Ijumaa yote.

Jumamosi walikuja vijana wanne wa chama na kreni ndogo na mikanda, wakalinyanyua boga kama wanavyonyanyua injini ya mashua, wakaliweka juu ya godoro kwenye gari letu. Njia nzima watu walitupigia honi. Kwenye uwanja wa maonyesho palikuwa na harufu ya donati na nyasi zilizokanyagwa. Nilikuwa na karatasi nne kwenye koti, hotuba niliyoiandika tangu 2013 na kuirekebisha kila mwaka, ya kusoma siku jina la mama litakapoingia daftarini. Sijui kwa nini nilikuja nayo.

Wakaguzi walilizunguka, wakaligonga, wakaingiza kioo chini. Zima. Bibi Mosher akanipa fomu kwa sababu anajua mimi ndiye mwandishi. Niliiweka juu ya mlango wa nyuma wa gari. Dess alikaa kando yangu kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini. Miwani aliisahau nyumbani, juu ya redio.

"Soma," akasema.

"Mkulima, Odessa Wentzell. Mama, 1,402 Wentzell 2016."

"Na baba?"

"Bado."

"Andika wazi."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Yeye hakuona hata kama ni karatasi au leso niliyoshika. Lakini fomu hizi husomwa kwenye kipaza sauti kabla ya kupima, mama na baba, uwanja mzima ukiwa kimya. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Kama ningeandika mwenyewe, angesikia pamoja na watu wote. Angesimama kwa nyonga ile na kunikanusha mbele yao. Au angekaa kimya kwa ajili yangu, na hilo ndilo nililoliogopa zaidi, kumwona dada yangu amekaa kimya juu ya uongo kwa sababu ananipenda.

"Unaandika nini huko muda wote?"

"Sijaandika."

"Herufi nne tu, Burt."

Nikaziandika.

Bibi Mosher alipofika kwenye kisanduku cha baba alitulia. Alikuwa amekwishavuta pumzi ya kusema neno jingine. Miaka minne alilisema yeye mwenyewe. Akanitazama mimi, akamtazama Dess. Dess akatikisa kichwa kukubali.

"Baba," Bibi Mosher akasema kwenye kipaza sauti. "Wazi."

Wanaojua walijua. Nilisikia minong'ono ikipita safu kwa safu. Garnet alikuwa nyuma yangu, akaniinamia sikioni, "Kwa hiyo mimi ni shemeji yenu?" Niligeuka. Alipoona uso wangu akavua kofia, akaishika kifuani, na hakuivaa tena mpaka jioni.

Mizani ikapanda mpaka 1,731. Ratili mia mbili zaidi ya lililokuwa likiongoza. Watu walipiga makofi, wageni kutoka mjini hasa, wasiojua, walipiga makofi mpaka wakasimama, na mtoto akapandishwa begani apige picha. Dess alipungia mkono kidogo. Alivalishwa utepe wa bluu. Alisema asante.

Bibi Mosher akaja na daftari la ukoo wa mbegu. Akalifungua kwenye ukurasa wa Wentzell, ule wenye mistari minne iliyojaa na wa tano mtupu, akaweka rula, akapiga mstari chini ya ule wa nne. Alifanya taratibu, kama mtu anayefunga jeraha.

"Odessa, pole sana. Ningekuwa na uwezo—"

"Huna," Dess akasema. "Ni boga zuri, hata hivyo. Hukuliona?"

"Sijawahi kuona kama hili."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na 1988, nilikuwa na 1991, nilikuwa na mambo yote kwa mpangilio. Mbele yangu alikuwepo mwanamke mwema mwenye rula, na Garnet aliyeshika kofia, na watu wenye donati. Mkono wangu ulikuwa ndani ya koti, juu ya zile karatasi, na sikumpata hata mmoja pale wa kumsomea.

Dereva wa kreni akatupigia mluzi.

"Wazee wangu, samahani," akasema. "Tupisheni mizani. La Zinck linasubiri."

Nikamshika Dess mkono, nikamnyanyua, tukapisha.